Maji Katika Tangi la Papa

Watu husema alumini haina harufu. Hao hawakulelewa na baba yangu. Alumini iliyokatwa asubuhi, wakati baridi ya mlima bado iko ndani ya mawe, ina harufu nyembamba ya mvua ambayo haijanyesha, na ukiipiga msasa inaacha utamu kidogo kwenye ulimi hata kama umefunga mdomo. Juzi nilipita mtaa wa Mapendo kwa shughuli zangu, nikakuta fundi anakata bati la dirisha, nikasimama katikati ya njia. Kijana wa pikipiki akanipigia honi na kuniuliza kama nimelala. Nilikuwa nimelala kidogo, ndiyo. Nilikuwa Ndosho, mtaa wa utoto wangu, meno yangu mawili ya mbele yameng'oka, na Papa anatengeneza ndege.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande ule wa mji labda mnaikumbuka. Ilikaa kiwanjani kwetu juu ya mawe meusi, chini ya turubai la bluu lililotobokatoboka, na majirani waliiita kuku ya Papa Kavira, kwa sababu kila siku ilikuwa inaatamia tu. Kavira ni mimi. Papa alikuwa fundi wa ndege ndogo kwa miaka mingi, na alipokosa kazi hakujua kufanya kitu kingine, au hakutaka kujua. Mama alisema ni hilo la pili. Mama yake Papa, yaani bibi yangu, tuliyemwita koko, aliishi Butembo, na barabara ya kaskazini, kwa ajili ya vita, ilikuwa inafunguliwa na kufungwa kama duka la mvivu. Leo magari yanapita Kalengera, katikati ya njia, kesho yanarudishwa. Papa alikaa bila kumwona mama yake mpaka akaanza kusahau sauti yake, na alilisema hilo waziwazi, mezani, huku anakula. Ndiyo maana akajenga ndege. Watu wengine wangeandika barua. Baadaye koko mwenyewe alikuja kwetu juu ya lori la maharagwe, akaizunguka ile ndege mara moja na kuuliza kama ni ya kuanikia nguo.

Nilipoanza kuwa na akili ya kushika mambo, mabawa yalikuwa tayari na injini ilikuwa imefungwa mahali pake. Kilichobaki ni tangi la mafuta, ambalo Papa aliliita rezervuari, kwa heshima, kama anayetaja jina la mkwe. Alilitengeneza kwanza kwa maboksi ya biskuti. Alikata, akakunja, akagundisha, akalijaribu ndani ya bawa, akalitoa, akalaani, akaanza upya. Kwa majuma kadhaa tangi la kwanza la ndege yetu lilikuwa na picha ya mtoto anayecheka akiwa na biskuti mkononi, na mimi nililipenda kuliko la kweli lililokuja baadaye.

La kweli lilianza siku mabati ya alumini yalipofika kutoka Kampala, yamefungwa kwenye blanketi. Papa hakuturuhusu kuyachora kwa msumari wala kuyakokota juu ya mawe. Alisema kila mkwaruzo ni mahali ambapo siku moja patapasuka. Alichora kwa kalamu, akakata kwa mkasi mkubwa, kisha akakunja bati polepole juu ya ubao uliolainishwa ukingo, akiligonga kwa nyundo ya mti, na sauti yake ilikuwa laini, tup, tup, tup, sauti ya mchana mzima. Nilikuwa nalala chini ya bawa na kuisikiliza. Mwanga uliopita kwenye matundu ya turubai uliangukia bati na kurudi juu ukitikisika, na tumbo la ndege likawa kama lina maji. Sijawahi kuwa na furaha ya utulivu kama ile, hata kanisani.

Ndani ya tangi Papa aliweka kuta tatu, kila ukuta una matundu ya mviringo.

"Papa, hii ni chumba ya nani?"

"Ya mafuta."

"Yote?"

"Mafuta iko na wazimu, Kavira. Avio, hii ndege yetu, ikiinama kidogo, inakimbia yote upande moja, inakuangusha. Sasa hizi kuta zinaiambia: pole pole, mupite moja moja."

Basi nikajua kwamba petroli ni watu, kwamba wanaishi humo, wanapishana milangoni na kusalimiana. Papa hakunisahihisha. Alikuwa na riveti mdomoni, ile misumari mifupi ya kuunganishia bati.

Kupiga riveti ni kazi ya watu wawili. Mmoja anagonga kwa nje, mwingine anaingiza mkono ndani na kushikilia kipande cha chuma kizito ili riveti ijibane juu yake. Mama hakuipenda ile ndege hata kidogo, lakini mkono wake ndio ulioweza kuingia. Alikaa juu ya kigoda, mkono umezama ndani ya tangi mpaka kwenye kwapa, uso umegeukia jikoni kwenye sufuria yake.

"Piga, mume wangu. Lakini kidole yangu ukiiponda, leo utakula riveti."

Papa akacheka mpaka akakosa shabaha. Nadhani ndizo siku walizopendana zaidi, ingawa hakuna aliyeniambia hivyo.

Maungo yote yakapakwa mastiki, ile gundi nzito inayonuka mpaka kichwa kinauma, na baada ya siku kadhaa tangi likafungwa kabisa. Ikabaki kujua kama linavuja. Papa aliziba kila tundu isipokuwa mawili. Kwenye moja alifunga puto la waridi lililobaki kwenye sherehe ya komunyo ya binamu yangu. Kwenye la pili alichomeka mpira mwembamba, akapuliza kwa mdomo, akapuliza, mishipa ya shingo ikamtoka, mpaka puto likainuka juu ya tangi na kusimama. Akaubana mpira kwa koleo.

"Kama iko na tundu, puto italala," alisema. "Kama haina, kesho tutaikuta imesimama."

"Hiyo hewa ni ya nani?"

"Ni yangu," alijibu, bila hata kuniangalia.

Kwake lilikuwa jibu la mtu aliyechoka. Mimi lilinishika moyoni. Papa ameweka pumzi yake ndani ya rezervuari. Puto likisimama, Papa atasimama huko juu. Likilala, ataanguka. Nilikaa kulilinda mchana wote, nikawafukuza kuku na mdogo wangu, na kulipokucha nilikuwa wa kwanza kufika. Puto lilikuwa limenywea, limeota makunyanzi. Nilipiga kelele mpaka Papa akatoka na shati mkononi. Aliliangalia, akacheka, akasema ni baridi tu, ningoje jua. Na kweli, jua lilipofika juu ya ukuta wa jirani, puto likaanza kujaa lenyewe, taratibu, bila mtu kuligusa, mpaka likawa zima kama jana. Majirani walipiga makofi. Kisha Papa akalivuta kwenye tundu, pssss, na hewa yote ikatoka usoni kwangu, ina harufu ya mastiki na chai. Kila mtu alikuwa anafurahi. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia, kwa sababu sasa tangi lilikuwa tupu.

Hapo ndipo nilipofikiria maji ya baraka.

Mji wetu unabariki kila kitu. Gari jipya, duka la dawa, mashine ya kusaga, hata friji: padri anakuja, anarusha maji, watu wanaimba, wanakula. Mama alikuwa ameomba hivyo kwa ajili ya ndege na Papa akakataa. "Padri akiibariki na isiruke, mutaa yote itacheka mimi na Kanisa. Iruke kwanza." Kwa hiyo kitu kipya pekee ambacho hakikubarikiwa Ndosho nzima kilikuwa ndege yetu, na ndani yake hata ile pumzi ya Papa haimo. Mimi niliona wazi kwamba watu wazima hawajali.

Mama alikuwa na chupa ya maji ya baraka aliyoijaza kanisani Pasaka, aliiweka juu ya kabati pembeni ya sanamu ya Bikira Maria. Aliitumia kwa matone: tone mlangoni mtu akisafiri, tone kwenye paji la mtoto mwenye homa. Mimi sikuamini matone. Kwa kitu kikubwa kama ndege, niliona inafaa chupa nzima. Siku Mama alipokwenda sokoni, Papa yuko kwa mchomeleaji, tangi limeshafungwa mahali pake, nilipanda kiti, nikachukua chupa, nikaimimina yote kwenye shingo ya tangi na kusikiliza maji yakipita chumba kwa chumba. Nikafanya ishara ya msalaba. Halafu nikaijaza chupa kwa maji ya kunywa kutoka kwenye bidoni, yaani dumu la jikoni, nikairudisha kabatini, kwani akili hiyo nilikuwa nayo. Kuanzia siku ile Mama alikuwa anabariki mlango wetu kwa maji ya bidoni, na sikuona tofauti yoyote kwenye mlango.

Petroli ya kwanza Papa aliinunua kwa Mama Nsimire. Hakuna ambaye angeinunua kwingine. Alikuwa mjane kutoka upande wa Bukavu, mrefu, mkimya, na aliuza petroli kando ya barabara hatua chache kutoka kwetu, mabidoni yake ya njano yamepangwa kwa mstari ulionyooka. Wauzaji wengine walichanganya petroli na vitu vingine. Kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza. Yeye alichuja petroli yake mara mbili kwa kitambaa cheupe ambacho alikifua mwenyewe na hakutaka mtu akiguse. Waendesha pikipiki walimwita Mama Safi, na waliwapita wauzaji wote wa barabara ile ili wafike kwake.

Asubuhi baada ya kujaza, Papa alifungua bomba dogo lililo chini kabisa ya tangi, akakinga mtungi wa kioo uliokuwa wa mayonezi. Petroli ikashuka, rangi ya chai hafifu. Na chini yake, kwenye kitako cha mtungi, likatulia tone kubwa la maji, la mviringo, linang'aa, halitaki kuchanganyika na chochote. Nilitaka kuruka kwa furaha. Ni lenyewe, nilijiambia. Petroli yote ile haikuliweza. Papa akalimwaga juu ya mawe, na mimi nikaona amemwaga kitu kitakatifu, nikamwogopea. Akakinga tena. Maji tena. Sijawahi kuona uso wake ukibadilika vile. Akatoka na mtungi mkononi, nami nikamkimbilia nyuma.

"Mama Nsimire! Unataka kuniua?"

"Nani anakuua, Papa Kavira?"

"Angalia! Maji ndani ya mafuta yako. Pikipiki ikizimika, mutu anashuka anasukuma. Mimi nikizimika kule juu, nitashukia wapi?"

Mama Nsimire aliuchukua mtungi, akauinua kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu.

"Hii maji haikutoka kwangu."

"Sasa ilitoka wapi? Mbinguni?"

Jibu nililijua, na nilifunga mdomo. Ndipo nilipoelewa, pale pale barabarani, kwamba lile tone ndilo linaloweza kumwangusha Papa, na kwamba ni mimi niliyeliweka. Waendesha pikipiki walikuwa wamezunguka. Mmoja akasema, "Kumbe! Njo maana pikipiki yangu inakohoa." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na pikipiki mbovu. Lakini maneno yalishatoka, na kufikia mchana hakuna aliyesimama kwa Mama Nsimire.

Siku zikapita. Papa alilikausha tangi, akajaza petroli ya mtu mwingine, na maji hayakuonekana tena. Kwake huo ukawa ushahidi. Mabidoni ya Mama Nsimire yalibaki yamejaa kwenye jua, bado yamenyooka. Binti yake, tuliyekaa naye dawati moja, alianza kuja shuleni bila kula, kisha akaacha kuja. Mimi nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza na nilijua orodha ya dhambi kwa moyo, lakini ya kuiba maji ya baraka na kuyatia ndani ya ndege haikuwemo, nikaogopa kwamba imeachwa kwa sababu haina msamaha. Hayo ni maneno ya kujitetea. Nilikuwa mwoga, basi. Mama aliposema mezani kwamba Mama Nsimire anafunga vitu arudi kwao, nilimeza ugali wangu na kuomba maji.

Alikuja kwetu Jumapili, baada ya misa, amevaa kitenge chake kizuri, na majirani nyuma yake. Hakukubali kiti.

"Papa Kavira, mi ninaenda. Lakini siende na jina ya mwizi. Mama Kavira, uko na maji ya baraka? Leta. Nitanawa nayo mikono, niape mbele ya Bikira. Kama niliweka maji ndani ya mafuta, hata tone moja, Mungu anipige hapa hapa, mbele ya watoto yangu."

Kwetu hakuna anayechezea kiapo cha namna ile. Papa aliinamisha kichwa. Mama akaingia ndani, akatoka na chupa, na mimi nikayaona maji yangu ya bidoni yakitembea kuelekea mikono ya yule mama. Nikawaza kwamba Mungu hatasikia kiapo cha maji ya uongo. Au mbaya zaidi, atakasirika na kumpiga aliyenyoosha mikono, maana ndiye atakayemwona. Mama Nsimire akanyoosha mikono. Mama akafungua kifuniko.

"Usinawe! Hiyo ni maji ya bidoni!"

Sauti ilikuwa yangu. Mama akaniuliza nasema nini, nami nikasema yote, kwa kilio na makamasi, bila mpangilio, nikaanzia kwenye puto.

"Na maji ya baraka iko wapi?" Mama aliuliza.

"Niliiweka yote ndani ya rezervuari. Ili Papa asianguke."

Hakuna aliyecheka. Papa aliketi juu ya jiwe. Mama aliiangalia chupa, nadhani anahesabu milango na mapaji ya nyuso. Mama Nsimire alikuwa bado amenyoosha mikono mikavu. Akaishusha, akajifuta kwenye kitenge ingawa hapakuwa na cha kufuta, akaondoka bila kumwangalia mtu. Nilingoja fimbo siku nzima. Haikuja, na nilitamani ingekuja.

Kesho yake Papa alinishika mkono, tukaenda barabarani saa waendesha pikipiki wanapokuwa wengi.

"Nilimutukana huyu mama hapa, mbele yenu," alisema kwa sauti. "Ni mimi nilikosa. Maji ilitoka kwangu, ndani ya nyumba yangu. Ni huyu mutoto alitia."

Walimsikiliza kwa adabu. Halafu yule wa pikipiki inayokohoa akatabasamu.

"Papa, unamuhurumia ju anaenda. Tunaelewa. Lakini mambo ya mutoto na maji ya baraka, nani atasadiki?"

Wakacheka wote, si kwa ubaya, na hakuna aliyeshuka kwenye pikipiki yake. Kumtukana kulimchukua Papa dakika moja; kulifuta tusi lile hakukuwa rahisi hivyo. Mama Nsimire alikuwa anafunga mabidoni kwa kamba, kama vile sisi hatupo.

"Bon, sawa," Papa akasema. "Mama Nsimire, unijazie bidoni mbili. Siku ya kuruka, nitaruka na mafuta yako. Yako tu."

Mama Nsimire aliacha kufunga kamba.

"Na ukianguka?"

"Nikianguka, watasema ni wewe."

"Njo maana ninaogopa."

"Na mi ninaogopa," Papa akasema.

Kisha Mama Nsimire akafungua fundo la mzigo wake, akatoa kile kitambaa cheupe, akachuja. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Papa alisimama na kofia mkononi mpaka alipomaliza.

Karatasi ya ruhusa ya kuruka ilipopatikana, tuliivuta ndege mpaka sehemu tambarare kwenye njia ya kwenda Sake, nje ya mji. Watu walikuja wengi, na wengine, tuseme ukweli, walikuja kuona inavyoanguka. Waendesha pikipiki walikuja wote. Mama Nsimire, aliyeahirisha safari yake, alikuja peke yake, akasimama kando, kitenge kimefunika kichwa. Nikaenda kusimama karibu naye kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusimama kwingine.

Ndege ilikimbia juu ya majani, ikarukaruka, na halafu haikugusa tena chini. Hivyo tu. Iliinuka bila haraka, jua likalamba tumbo lake, ikazidi kuwa ndogo, ikaelekea ziwa lililo kando ya mji, na mimi nikahisi miguu yangu haigusi ardhi. Nilijua petroli inapita chumba kwa chumba, moja moja, kwa adabu. Mawingu ya mlima yalikuwa meupe. Kila kitu kilikaa kimya isipokuwa ile sauti ya injini, mbali, kama mtu anayesaga mahindi nyumba ya tatu. Nilipogeuka kumwonyesha Mama Nsimire, nilikuta amefumba macho kwa nguvu.

"Mama, hauangalie?"

"Ninasikiliza."

Alisikiliza mpaka ndege ikamaliza mizunguko miwili. Vidole vyake vilikuwa vimeshika bega langu, vinauma, na sikuthubutu kusogea. Ndege ikarudi, ikagusa, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikasimama. Watu wakapiga kelele. Papa alishuka. Mama alikuwa amefungua mikono, Papa akampita. Akawapita wote, akaja mpaka mbele yetu.

"Moteri haikukohoa hata mara moja, Mama Nsimire."

Mama Nsimire akafumbua macho. Hakutabasamu.

"Mi nilijua," akasema. Akawaonyesha kwa kidevu waendesha pikipiki waliokaa juu ya pikipiki zao. "Ambia wale."

Papa akageuka, akaenda kuwaambia.